Doa la Tatu

Göttingen, Jumatatu, 15 Februari 1926
Balaa! Nimepitisha mvuke wa fedha kati ya ncha za sumaku, nikaunasa kwenye kioo, nikakipulizia moshi wa sigara ili fedha ionekane. Madoa mawili! Hesabu ya profesa inasema elektroni ikizunguka kiini, sumaku huiachia njia za witiri tu, kila njia na doa lake: moja, tatu, tano. Shufwa haimo. Mtihani wa udaktari ni Alhamisi. Nikifeli, narudi Kassel kujaza soseji buchani kwa baba. Ameshaninunulia aproni.

Jumanne
Hedwig Traube, ninayegombania naye sumaku, kachungulia kioo changu akacheka. Eti, Ottokar, hata atomu zimekukimbia, nusu huku, nusu kule! Kisha akanishauri nipeleke kilichopo. Mjanja huyo! Anataka niumbuke, sumaku ibaki yake. Sidanganyiki.

Jumatano
Dawa imepatikana! Masizi ya mshumaa na njiti ya kiberiti. Doa la tatu limekaa katikati kama bwana harusi. Witiri! Mimi kiboko.

Alhamisi
Mungu wangu! Profesa Brandis kakishika kioo, kakunja uso. Akauliza hiki cha katikati ni nini. Nikajifanya natafuta kalamu. Akatoa leso, akalifuta doa langu huku akililaani jiko la makaa linalotumwagia masizi kila mahali. Fedha haikufutika. Nikaiona aproni hii hapa! Mara mzee akaruka: mawili! Kumbe elektroni haizunguki kiini tu, ina mzunguko wake yenyewe, nusu ya kipimo, na nusu hiyo ina pande mbili tu, juu au chini. Hesabu yake ya zamani haikuujua. Akanisifu kwa uaminifu, eti mwingine angechora la tatu!

Nimefaulu! Nimelia, na sioni haya. Wenzangu wakanipeleka uwanja wa mji kuibusu sanamu ya yule msichana wa shaba mwenye bata bukini, kama kila daktari mpya. Kwa baridi ile, midomo ikanasa. Hedwig akaninasua kwa kahawa yake ya moto, hoi kwa kicheko. Acha acheke. Aproni apewe binamu.

Jumatatu, 22 Februari
Sasa mimi ni Daktari Ottokar Wiegand, msaidizi wa maabara! Leo nimejaribu metali nyingine. Madoa matatu. Hedwig anasema kila atomu ina yake, niyaache hivyo hivyo. Wivu huo! Chuo kizima sasa kinajua jibu ni mawili. Nimechukua wembe wa kunyolea. La katikati nimeshalikwangua.