Jino Moja kwa Ajili ya Refa

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeitwa na Mwenyekiti wa klabu yetu ya mpira wa kikapu. Hakunikaribisha kiti. Dalili mbaya. Ameniambia nikipata tena faulo ya kocha, ile inayotolewa kwa sababu ya mdomo, sio mkono, basi nimekwisha. Nitatolewa ukumbini palepale, na timu atapewa Shemeji, msaidizi wangu, mdogo wake mke wangu. Mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe kufunga kamba za raba!

Ile faulo ya mwisho nilionewa, naiandika hapa ili haki ijulikane. Nilipewa hata mpira haujarushwa. Refa alituita makocha wawili katikati ya uwanja, kama ilivyo kawaida yao kabla ya mchezo. Akasema yake, kisha akauliza kama tuna swali. Nilikuwa nayo mengi. La saba ndilo lililomkera.

Jumamosi ndiyo mechi ya kufunga msimu. Kwa binti yangu wa mwisho, nahodha wetu, ndiyo mechi ya kuagana, maana Jumatatu ijayo anakwenda chuo cha mbali. Nyumbani tunamwita Kitinda. Ameivaa fulana ya timu yetu tangu ilipokuwa inamfika magotini. Nikitolewa siku hiyo, nitamtazama kupitia dirisha la choo, ndilo pekee linalotazama uwanja. Nalijua vizuri dirisha lile.

Jioni wamebandika majina ya marefa. Atachezesha Daktari. Yuleyule wa swali la saba.

Mke wangu amesema mdomo uliponza kichwa. Nimemjibu kichwa changu kipo na kinafanya kazi. Makocha wengine hungoja refa azungumze nao kabla ya mchezo. Mimi nitazungumza naye kabla ya hiyo kabla. Refa naye ni binadamu. Akikuzoea, filimbi inamwia nzito mdomoni.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimempigia Daktari simu. Nilianza vizuri sana. Nimeuliza hali yake, ya watoto, ya kazi, ya goti lake lililowahi kumsumbua. Akajibu kwa adabu zote. Nilipofika kwenye "sasa, kuhusu Jumamosi", akanikata kwa upole. Mambo ya mchezo huyazungumza na makocha wote wawili, pamoja, katikati ya uwanja, muda mfupi kabla ya kuanza. Akimwambia mmoja kitu, lazima amwambie na wa pili.

Nikasema mbona hujaniambia kitu. Akasema hata hicho atamwambia.

Na kweli akamwambia! Sijamaliza chai, ujumbe umeingia kutoka kwa Bwana Ubao, kocha wa wapinzani wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu ya ule ubao mdogo wa kuchorea mbinu anaoubana kwapani kila aendako, hata harusini. Ameandika: "Nimesikia umemjulia hali Daktari. Na mimi pia sijambo, asante."

Chai imenipalia.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimefika mazoezini nikamkuta Shemeji amekalia kiti changu. Nikamuuliza anatafuta nini. Amesema anaangalia tu kama uwanja wote unaonekana kutokea pale. Unaonekana! Nimekikalia msimu baada ya msimu, ningejua kama hauonekani.

Siku hizi anasoma kitabu cha sheria za mchezo, anakwenda nacho mpaka chooni. Leo amenipa somo ambalo sikuomba. Kile kikao cha katikati ya uwanja, anasema, si cha kubembeleza. Refa anajitambulisha. Anakumbusha fulana ziingizwe kwenye kaptula, hereni na pete zivuliwe. Anasema nahodha ndiye wa kuzungumza naye, na kocha akiwa na jambo aulize mpira ukiwa umesimama, kwa adabu. Halafu anauliza kama kuna swali. Jibu sahihi, kwa mujibu wa Shemeji, ni "hatuna, asante". Basi! Mtu anapewa nafasi ya kusema na anairudisha kama chenji iliyozidi. Ndiyo maana yeye ni msaidizi.

Baada ya mazoezi Kitinda amebaki kukusanya mipira na mimi. Ameuweka wa mwisho kwenye wavu, akanishika mkono.

"Baba, nataka nikigeuka nikuone kwenye benchi mpaka mwisho. Hata usiponiambia kitu. Kaa tu."

Nimemwahidi. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kuna jambo naliandaa. Akafumba macho.

Njiani nyumbani, wazo limenijia. Daktari haitwi Daktari kwa mzaha. Ni daktari wa meno. Ana kliniki, ana kiti, ana mlango unaofungwa. Refa anaweza kumkataa kocha. Daktari atamkataaje mgonjwa?

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimepata nafasi kesho saa sita mchana. Mke wangu ameuliza ni jino gani linaloniuma. Nimesema yote kidogokidogo. Akarudi kukunja nguo.

Nimezungumza na kioo jioni nzima. Nitaanza na pongezi: kliniki safi. Nitagusia ubaba: binti anaondoka, moyo wa mzazi. Hapo atalainika. Kisha nitaomba kidogo tu, Jumamosi nikijisahau, aniangalie kwa jicho la huruma kabla ya kupuliza. Sijaomba atupe ushindi. Mimi si mtu wa hivyo.

Nimepiga mswaki mara tatu. Sitaki aone kitu cha kumpotezea muda.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umeshika shavu.

Hakuna aliyeniambia kwamba kile kiti kinalala! Nilikaa kama kocha, baada ya sekunde nikawa naangalia dari kama maiti. Kabla sijasifia usafi wa kliniki alikwisha kunifungua mdomo, akatia kioo na kitu kingine chenye ncha. Nikatoa pongezi hivyohivyo. Zikatoka "aa-o-ee". Akasema ndiyo, ameliona.

Ameona nini? Jino la pembeni, chini kushoto. Limeoza mpaka ndani. Nilikuwa nalijua. Tuliishi kwa kuheshimiana, mimi nikitafunia kulia. Akaniuliza kama niko tayari litoke leo au nirudi siku nyingine. Nikapiga hesabu. Nikisema siku nyingine, nainuka, mazungumzo yamekwisha kabla ya kuanza. Nikaitikia kwa kichwa kwamba leo. Nilidhani wakati ganzi inaingia tutapata nafasi ya kuongea.

Ganzi imeingia. Ulimi nao umelala. Yaliyofuata siyaandiki, ila niliona koleo.

Nilipoinuka na pamba mdomoni nikajaribu mara ya mwisho, nikasema "Jumamoji, Dakitaji". Alinielewa vizuri kabisa, ndilo lililoniuma zaidi. Akasema kliniki haina kikapu, na uwanja hauna meno. Akanipa masharti: niume pamba, nisile cha moto, nisiteme mate ovyo, na kwa siku mbili nisipige kelele, jeraha litafumuka na kutoka damu.

Nikiwa mlangoni akaongeza. Kwa kuwa kesho tuna mchezo, itambidi amwarifu mwenzangu kwamba nilikuja. Jino gani, hiyo ni siri ya mgonjwa.

Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipikia uji, akaupoza, akakaa pembeni yangu akinikandia shavu kwa kitambaa cha maji baridi. Hakusema nilikwambia. Ni mwanamke mwema sana na sijui nilimpataje.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Shavu limevimba kama nimeficha limau. Nimekwenda uwanjani na skafu. Shemeji ameniuliza kama nina uhakika. Nimemwonyesha kiti changu kwa kidole, kisha nikakikalia.

Muda ukafika, Daktari akatuita makocha katikati. Bwana Ubao akaja amejifunga kitambaa kuanzia kidevu mpaka utosini. Damu ikanichemka. Yaani ananidhihaki mbele ya watu! Nikamsogelea. Shavu lake lilikuwa la kweli. Limevimba kuliko langu.

Shemeji alikwisha kuyapata kwa msaidizi wa Bwana Ubao, akaninong'oneza baadaye. Bwana Ubao aliposikia nimekwenda kliniki hakupata usingizi. Alfajiri alikuwa mlangoni kwa Daktari, anataka naye aambiwe lolote nililoambiwa mimi. Akakaribishwa akae. Kiti kikalala.

Daktari akasema yake. Fulana kwenye kaptula. Pete na hereni. Nahodha ndiye wa kuzungumza naye. Kocha akiwa na jambo, mpira uwe umesimama. Kisha akatutazama, shavu moja baada ya jingine.

"Makocha, mna swali?"

Nilikuwa nayo tisa. Nikafungua mdomo, ganzi ilikuwa imekwisha zamani, upepo ukaingia kwenye pengo. Nikaufunga. Bwana Ubao akachomoa ubao wake kwapani, akaandika "hatuna, asante", akautazama, akanigeuzia na mimi nione kama nakubaliana. Nikakubaliana. Tukapeana mikono sote watatu.

Mchezo ukaanza, nikauma pamba, nikawa sina kazi. Siku zote namtazama refa. Akienda kulia namfuata, akiweka mkono hivi najua anachotaka kusema, nami nimeshaandaa jibu. Leo jibu halikuwepo, kwa hiyo macho yakakosa pa kwenda. Yakamwendea Kitinda. Kumbe kabla ya kutoa pasi ya kushoto anauma mdomo wa chini, vilevile kama mama yake anapotunga uzi kwenye sindano. Kumbe mwenzake akikosa anampiga kikofi begani na kumwambia kitu cha kumchekesha. Miaka yote hii nimekuwa kocha wake na sikuwahi kuviona. Nimeona haya, nasema kweli. Na nimefurahi mpaka kidonda kikauma.

Zikiwa zimebaki sekunde chache, tumelingana. Kitinda akachukua mpira, akakata katikati, filimbi! Hatua, eti ametembea nao. Nikajikuta nimesimama. Mdomo ukafunguka wenyewe. Pamba ikadondoka, ikabingirika, ikavuka mstari ikaingia uwanjani.

Daktari akazuia mpira usirushwe. Akaiangalia pamba. Akaniangalia mimi. Nikaliona dirisha la choo. Akaja taratibu mpaka kwenye benchi, akainama.

"Kocha, inatoka damu?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba kidogo. Akaniambia nibadilishe pamba, nikae. Shemeji akatoa pamba safi mfukoni mwake. Alikuwa nayo tangu asubuhi, pakiti nzima, wala hakuniambia. Nikaiuma, nikakaa. Kitinda aligeuka kutazama benchi, akaniona.

Wapinzani wakarusha mpira ndani, wakafunga. Tumeshindwa kwa pointi mbili.

Kabla hata ya kwenda kuwapa mkono wapinzani, Kitinda alikuja mbio na jasho lake akaniegemea begani, upande usiouma.

"Baba, ulikaa," akasema.

Nikaifungua skafu, nikamfuta jasho.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Uvimbe umeshuka. Mwenyekiti amepiga simu, anasema hajawahi kuniona mwenye busara namna ile, nitabaki msimu ujao. Shemeji amekuja kunipongeza, akala na mkate wangu kwa kuwa mimi sitafuni bado. Nimemwachia. Ile pamba sitaisahau.

Kitinda anapanga sanduku. Ameikunja fulana ya timu akaiweka juu kabisa. Mama yake amesema mbele ya wote: basi umejionea mwenyewe, ukinyamaza mambo yanakwenda. Nimekubali, ndiyo, nimejionea.

Lakini nimelala kitandani nikijiuliza: kama mambo yalikwenda, mbona tulifungwa? Nilinyamaza. Na yeye alinyamaza. Nilitoa jino. Na yeye alitoa jino. Nikamwandikia Bwana Ubao, kiungwana tu, pole kwa maumivu, lilikuwa jino gani? Amenitumia picha ya ubao wake. Amelichora. Gego la juu, la mwisho kabisa. Mizizi mitatu.

Mitatu! Langu lilikuwa na mmoja, Daktari alinionyesha. Mitatu ukitoa mmoja ni miwili. Tumefungwa kwa ngapi? Kwa mbili! Na mimi niko hapa nikimlaumu mlinzi wetu wa kulia bila kosa.

Nimemweleza mke wangu hesabu hii polepole, mara mbili. Amesema jino la pembe si dawa ya pengo, akaenda zake jikoni.

Nimempigia Daktari, nikaomba radhi kwa kumsumbua Jumapili. Nikamwambia nahitaji nafasi mbili za kung'oa, wiki ya kufungua msimu ujao. Magego, ya juu, kulia na kushoto, hata kama hayaumi. Kitinda aliposikia akaliacha sanduku, akasema "Baba!"

Daktari aliuliza kwanza kama damu imekata. Kisha akasema jino zima hang'oi, ila kuja kuangaliwa nije tu. Na itambidi amwarifu mwenzangu.