Mifuko Miwili kwenye Suti ya Kuzamia

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika. Nyumba ya wageni ni safi, kitanda hakilii, dirisha linatazama bahari. Nimelifunga pazia.

Niandike ukweli hapa, maana hapa hakuna anayesoma. Siku ile mezani kwetu Shemeji alitusimulia tena alivyopanda mlima hadi kwenye barafu. Shemeji ni kaka wa mke wangu, mwalimu mkuu mstaafu, na mlima wake huo unarefuka kila mwaka. Sasa mimi ningekaa kimya? Nikasema mlima hata mbuzi anapanda, mimi ujanani nilikuwa mpiga mbizi. Neno lilinitoka lenyewe, kama chafya. Shemeji akanyamaza, nami nikala kwa raha zangu.

Binti yangu hakunyamaza. Mwisho wa mwezi anakwenda kufanya kazi nchi ya mbali, mkataba wa miaka mitatu, na alikuwa akitafuta namna ya kuniaga. Akatafuta kituo cha kupiga mbizi, akatulipia wote, akaniambia anataka kitu kimoja tu kabla hajaondoka: kushuka chini ya bahari ameshikwa mkono na baba yake. Mjomba wake akajialika.

Sijui kuogelea. Maji yenye kina kirefu kuliko yote niliyowahi kuyaingia ni ya ndoo, na niliingiza mguu.

Lakini mimi si mtu wa kukosa njia. Nitatafuta kosa kwenye hicho kituo. Kosa kubwa, la usalama. Nitalalamika, watanijibu vibaya, nitakasirika kwa heshima zangu, safari itavunjika na lawama zitakuwa zao. Mteja ni mfalme. Mke wangu amenikuta nikicheka peke yangu, akauliza kuna nini. Nimesema ni upepo wa bahari.

Jumanne, 5 Agosti

Kituo ni banda refu la mabati lenye harufu ya mpira na chumvi. Mwenyewe tumempa jina la Bwana Mapezi, kwa sababu hatembei bila kubeba yale mapezi ya mpira wanayovaa miguuni. Wageni hushuka na Mwalimu, dada mmoja mtulivu, haongei ovyo.

Nikaanza kazi. Nikauliza hewa ya kwenye mtungi wa kupumulia ni ya leo au ya jana. Bwana Mapezi akasema hewa ni hewa. Nikamwambia hata mkate ni mkate. Nikanusa miwani ya kuzamia, nikasema aliyeivaa mwisho alikuwa amekula kitunguu. Akanipa nyingine. Nikasema hiyo inabana pua. Akanipa ya tatu, bado anatabasamu. Mtu wa aina hii ni mgumu sana kugombana naye.

Ndipo ikaletwa suti. Suti ya kuzamia ni vazi la mpira linaloushika mwili kuanzia shingoni hadi kifundo cha mguu. Kuniingiza humo kulihitaji mke wangu, binti yangu na kopo la poda. Kwapani inakata, tumbo linaomba msaada. Nikasema mimi ni fundi cherehani, nguo nazijua, na hii haikushonwa, imekusudiwa kunikomoa. Bwana Mapezi akasema ndivyo inavyotakiwa kubana, ikilegea maji yanaingia. Nikasema hilo ni jibu la fundi aliyekosea vipimo, nami nimewahi kulitumia. Wakati huohuo Shemeji akatokea ndani ya suti yake. Imemkaa. Akajigeuza taratibu ili tumwone na mgongo.

Nikaomba suti yangu niende nayo chumbani, mwili uizoee. Ukutani pana tangazo kwamba vifaa havitoki kituoni. Binti akamwomba Bwana Mapezi kwa upole na mzee wa watu akakubali. Hapo nikauona mlango. Nitairudisha ikiwa imefumuka. Suti mbovu, kituo kibovu, safari hakuna.

Jumatano, 6 Agosti

Jana alasiri wenzangu walipokwenda ufukweni nilijifungia chumbani. Sindano, uzi na mkasi sisafiri bila. Nikafumua kwapa moja, na kazi ingeishia hapo. Lakini nilipouona ule mshono kwa ndani, umegandishwa kwa gundi, mkono ukakataa kuacha. Tangu nianze kazi hii sijawahi kumrudishia mtu nguo iliyofumuka. Nikatia kiraka kwapani, kitambaa cha koti langu la mvua. Nikatia na kingine upande wa pili, isije ikaenda upande. Tumboni nikafungua, nikaongeza nafasi ya kupumulia. Na kwa kuwa kitambaa kilibaki, nikaweka mifuko miwili ubavuni. Nikaivaa mwenyewe bila kuita mtu. Kwa kweli ilipendeza. Nilisahau kabisa kwamba nilikusudia kuiharibu.

Leo asubuhi, bwawa la mazoezi. Nikashuka ngazi taratibu, na suti ikaanza kunywa. Maji yaliingia kwapani, yakajaa tumboni, yakajaa mifukoni. Nikavimba. Walinitoa watu wanne, mmoja akiwa Shemeji, aliyenishika mguu na kutoa maelekezo.

Nimelala pembeni mwa bwawa, maji yananitoka mifukoni, Bwana Mapezi akaja. Akainama, akaingiza kidole kwenye mfuko wa kushoto, kisha wa kulia. Tabasamu likaondoka. Akauliza nani ameikata suti yake. Nikasema haikukatwa, imerekebishwa, na wateja wengine watashukuru kupata pa kuweka leso. Akauliza leso chini ya bahari ni ya nini. Swali zuri, lakini nilishapamba moto. Nikamwambia kituo chake ni cha hatari, nguo zake zimebandikwa kama bahasha, na mimi mteja nataka niombwe radhi. Akasema wa kuombwa radhi ni yeye. Nikasema sitoki hapo mpaka aniombe. Akasema nisitoke, lakini kwenye mitungi yake sivuti hata pumzi moja. Marufuku.

Yaani nilikuwa nimepata kila nilichokitaka.

Halafu binti yangu akaja mbio, akasimama katikati yetu. Akamwambia Bwana Mapezi kwamba baba yake ni mpiga mbizi wa siku nyingi, akisema nguo ina kasoro basi ina kasoro, na kama baba hashuki naye hashuki. Alinitetea mbele ya watu wote kwa uongo wangu mwenyewe. Nilitamani lile bwawa linimeze, ila ndiyo kwanza nilikuwa nimetolewa humo.

Shemeji akasema isiwe taabu, mjomba yupo. Keshokutwa baharini yeye ndiye atakayemshika mtoto mkono.

Sikula mchana. Mkono wa mwanangu ukashikwe na mtu wa mlima?

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango mpya: nirudishwe kwenye safari.

Nimeamkia kituoni. Bwana Mapezi akanikumbusha kwamba jana kituo chake kilikuwa cha hatari. Nikasema hiyo ilikuwa jana. Akasema suti ni ileile. Nikasema basi anipe niirudishe ilivyokuwa. Akasema afadhali awape samaki. Nikaona maneno hayafui dafu, nikatazama huku na huku. Turubai la boti limechanika. Mabegi yana zipu mbovu. Nikamwambia nitavishona vyote leo leo, bila kuongeza mfuko hata mmoja. Akajikuna kichwa, akalitazama turubai muda mrefu. Akasema suti zake nisizisogelee. Tukapeana mikono.

Nilikuwa katikati ya turubai Mwalimu alipokuja, akaketi, akanishikia upande wa pili. Kwa sauti ya chini akasema jana aliniangalia. Niliing'ang'ania ngazi maji hayajafika hata magotini. Akauliza kama binti anajua. Nikajitia hamnazo, nikauliza anajua nini. Akasema wasiojua kuogelea huwashusha kila wiki, mahali pasipo na kina, amewashika, hilo si tatizo. Tatizo ni anayejifanya anajua. Huyo akishikwa na hofu hatasema, na aliyemshika mkono ataumia naye. Mpaka binti aambiwe, na aambiwe na mimi, hanishushi.

Nikajichoma sindano. Nikapanga visingizio: sikio, mgongo, ndoto mbaya. Mchana nikamwomba mke wangu ushauri, nikasema ni habari ya rafiki yangu mmoja. Akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na nimwambie huyo rafiki yangu aache kumpotezea mtoto wake siku. Kumbe anajua. Tangu ile siku ya mezani anajua, na alinipakia taulo.

Jioni nimemkuta binti barazani peke yake. Nilianza na habari za cherehani, nikapitia mlima wa mjomba wake, nikazunguka weee, mwisho nikasema: sijui kuogelea, sijawahi kujua, na maji nayaogopa hata yakiwa ya kusimuliwa. Nilitegemea acheke au akasirike. Akanisogelea. Halafu akasema naye anaogopa. Si bahari. Anaogopa kuondoka, na hajamwambia mtu. Alijiambia kwamba akiweza kushuka huko chini na mimi, mtu asiye na hofu, basi na kule aendako ataweza.

Nikamwambia pole mwanangu, mtu huyo hayupo. Akanivuta mkono wa shati, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo pale dukani kwangu. Akasema basi tutaogopa wote wawili.

Nampenda mtoto huyu mpaka kifua kinauma.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeshuka. Naandika tena: nimeshuka.

Nimepewa suti nyingine, kubwa kidogo, haina mfuko. Ubavuni ina nafasi nzuri sana lakini nilijizuia. Shemeji alianza kutapika kabla boti haijafika popote. Alitapika kwenda, akatapika tulipotia nanga, akatapika kurudi. Nilimpa pole. Nilimpa mara nyingi, na kwa sauti.

Mwalimu akawa kushoto kwangu, binti kulia. Maji yaliponifika kidevuni nikachomoa kile kidude cha kupumulia, nikasema mtungi una kasoro. Mwalimu akanitazama tu. Binti naye akanitazama. Nikasema haya, mtungi ni mzima, mimi ndiye naogopa. Mwalimu akasema sasa tunaweza kwenda.

Kina chenyewe nasikia ni kama kimo cha ukuta wa nyumba ya kawaida. Kwangu mimi kilitosha. Kuna matumbawe ya rangi ambazo nimewatafutia wateja maisha yangu yote bila kuzipata dukani. Samaki mmoja wa mistari akaja mbele ya uso wangu, akanitazama kama mteja aliyefuata nguo ambayo haijakatwa. Mistari yake inakutana mgongoni bila kupishana hata kidogo. Nilimwonyesha binti kwa kidole, akatikisa kichwa, mapovu yakamtoka. Nadhani alikuwa akicheka. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, na wangu pia. Baadaye haikutetemeka tena, sijui ni upi ulioacha kwanza.

Nikamfikiria akiwa huko mbali, jioni, peke yake chumbani. Miwani yangu ikaanza kujaa maji. Mwalimu akadhani inavuja, akaja kuikaza. Haikuwa ikivuja.

Tuliporudi kituoni Bwana Mapezi amenipa mkono. Ile suti yangu ameitundika nje, karibu na mlango. Kwenye mfuko wa kushoto ametia funguo za boti, kwenye wa kulia ametia miwani yake ya kusomea. Nimemwambia si nilisema.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumbani. Leo tumekula pamoja kabla binti hajaanza kufunga mizigo. Nimeingia mezani nikiwa nimeapa. Nimeona jinsi mdomo unavyoponza kichwa, nimeona na thamani ya kusema kweli. Kuanzia sasa Shemeji aseme atakalo, mimi nitakula.

Shemeji rangi imemrudi. Akasema bahari, ukiitazama vizuri, si kitu. Yeye alipokuwa mwalimu kijana aliwahi kupanda ndege ndogo isiyo na mlango. Watu wote wakamgeukia. Nikavumilia. Nikanywa maji. Akasema mawingu aliyagusa kwa mkono. Nikavumilia tena. Halafu nikasikia mtu akisema kwamba kukaa ndani ya ndege hata mizigo inakaa, na kwamba yeye ujanani alikuwa akiruka na parachuti. Sauti ilikuwa yangu.

Mke wangu akaweka kijiko chini. Binti akanitazama muda mrefu, kisha akachukua simu yake akaandikaandika, akatabasamu. Amesema mahali ameshapapata. Akirudi likizo yake ya kwanza tutaruka pamoja. Nisijali, huwa wanaruhusu kushikana mikono.

Nimekubali. Ningefanyaje, na Shemeji alikuwa ananitazama? Nimemwomba tu awaulize kama wanaweza kuniazima hiyo parachuti siku moja kabla. Nina hakika mshono wake una kasoro.