Makabati Yaliyokataa Hanga

Kelele zilizomsimamisha Kinanda barabarani asubuhi ile zilikuwa za mtu aliyepata hasara, na kwa sikio la Kinanda hakukuwa na muziki mtamu kuliko huo.

Nyuma ya geti la karakana ya samani, Bosi alikuwa amesimama mbele ya kabati la nguo, hanga mkononi, akimfokea fundi wake.

"Niambie, hanga hii inaingiaje humu? Kwa ubavu? Kwa kupiga hodi?"

Fundi alichukua futi, akalipima kabati upya. Alikuwa amesoma vipimo vibaya, na kwa bidii yake ya siku zote akavifuata vibaya mara sitini. Makabati sitini ya mbao ngumu, vanishi inang'aa, marefu kama minara, lakini membamba hivi kwamba ukitundika koti mlango haufungi.

Kinanda alirekebisha tai. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake ukishaanza kupiga, watu husahau walichojia. Mwaka juzi aliuza viwanja visivyokuwapo. Mwaka jana alitibu vipara. Alipokuwa anavuka lile geti hakujua bado leo angekuwa nani, ila mpaka anafika kwenye kabati alishajua.

"Samahani kuingilia, Bosi. Mimi ni mtaalamu wa mawazo mapya. Hapa sioni kabati bovu. Naona macho yaliyochoka."

"Macho ya nani?"

"Ya kila mtu! Watu wanahangaika kubuni vipya, kumbe kipya kimejikalia ndani ya kilichopo, kinasubiri kutazamwa vizuri. Nipe wafanyakazi wako siku tatu. Utapata bidhaa ambayo washindani wako hawajaiota."

Neno "washindani" lilimpata Bosi penyewe. Alilipa nusu ya ada palepale, nusu ikabaki ya siku ya tatu. Mpango wa Kinanda haukuwa na makuu: kupokea hiyo nusu ya pili, kuomba kwenda msalani, na kutorudi.

Siku ya kwanza aliwaketisha wote mbele ya kabati, walikodolee macho saa nzima.

"Sahauni kwamba ni kabati. Sasa mnaona nini?"

"Jeneza," alisema fundi.

"La mtu mwembamba," akaongeza mpiga vanishi.

"Safi sana! Mawazo yanakuja!"

"Mimi naona kabati bovu," alisema Shangazi.

Huyu alikuwa dada wa marehemu baba yake Bosi, mtunza stoo, na funguo zote za karakana zilining'inia shingoni mwake. Alikaa mstari wa mbele, daftari mapajani, akiandika kila neno.

"Kwa hiyo, mwanangu," aliuliza, "hata jambo kongwe kabisa, ukiligeuza upande, linakuwa jipya?"

"Kabisa, Shangazi! Andika hilo."

Akaandika.

Siku ya pili Shangazi alimvuta stoo. Kabati moja lilikuwa limelazwa chali, limepachikwa miguu mifupi, na juu yake mto.

"Nimeligeuza kama ulivyofundisha. Kalia."

Kinanda akakalia. Lilikuwa benchi, na ndani mna nafasi ya kuwekea vitu. Alishtuka. Hakuwa amewahi kufundisha kitu kikafanya kazi.

Shangazi alishusha sauti. "Mkuu wa shule moja ya bweni ameliona. Anayataka yote sitini, na bei yake si ya mchezo. Bosi hajui. Nikimwambia, mimi nitaambulia asante. Lakini wewe ukiyanunua kwa bei ya kuni ukamuuzia yeye, utanikumbuka mama yako."

Kinanda si mtu wa kuingizwa mjini kirahisi. Alitaka kumwona huyo mkuu kwa macho yake. Jioni ile akaja bwana mmoja wa suti, mkoba kwapani, futi mkononi. Alikaa mara tatu, akagonga mbao, akalalamikia rangi, kisha akataka mzigo wote Jumamosi. Kilichomaliza wasiwasi wa Kinanda ni lile lalamiko. Tapeli, aliwaza, hawezi kuhangaika na rangi.

Siku ya tatu alimfuata Bosi kwa uso wa msiba.

"Bosi, nimeshindwa, na roho inanisuta. Acha niyanunue mwenyewe nikayafanyie utafiti."

Bosi alitaka kukubali papo hapo, ila Shangazi akakohoa.

"Mbao ngumu hiyo, baba."

Bei ikapanda. Shangazi akakohoa tena. Kifua kile kilipopona, Kinanda alikuwa amerudisha ada, amemimina akiba yote ya viwanja na vipara, na amevua saa ya mkononi.

Alikodi uwanja mtaa wa pili kwa ahadi ya kulipa Jumamosi, akayapanga makabati, akasubiri. Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita. Jumatatu alitimua mbio hadi karakana, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa mkuu wa shule, ndani ya ovaroli, anapiga msasa mguu wa kiti.

"Huyo mkwe wangu," alisema Shangazi. "Kazi hapa kaanza leo. Suti aliazima."

"Shangazi, umenitapeli!"

"Mnunuzi wa uongo ni hila kongwe kuliko mimi, mwanangu. Nimeigeuza upande tu." Alifungua daftari. "Maneno yako haya, ukurasa wa kwanza."

"Nimekukosea nini mimi?"

"Mdogo wangu alinunua kiwanja kwako mwaka juzi. Bado anakitafuta. Nilimsindikiza siku ya kulipa, ila wewe ulikuwa unaangalia mkoba wake, hukuniona. Fedha zake nimezitoa kwenye malipo yako, nimempelekea, na saa yako anaivaa."

Bosi, pembeni, alicheka hadi akashika kiuno. "Hata mimi alinificha!"

Kinanda alifikiria polisi. Kisha akafikiria maswali ambayo polisi wangemuuliza, akaaga kwa heshima.

Mwenye uwanja alimpa wiki moja ahame, na hela ya miguu na mito ya kuyageuza mabenchi hakuwa nayo. Basi siku hiyo mtaalamu wa mawazo mapya alikaa juu ya tofali, akayatazama makabati yake saa nzima, safari hii bila ada. Hakuona hata jeneza.

"We kaka," sauti ikaita nyuma yake. Alikuwa mama mmoja mshona nguo, futi ya kitambaa shingoni. "Hilo jembamba unauza? Pale kwangu kuna upenyo kati ya nguzo na ukuta. Mifagio, vitambaa, pasi, vyote vinalala chini. Kila kabati nililojaribu limekataa kuingia."

Kinanda akafungua mdomo. "Mama, watu wanahangaika kubuni..."

"Maneno sitaki. Lete kabati."

Alilibeba mgongoni mwenyewe. Likaingia kwenye ule upenyo kama limezaliwa humo. Mama alifungua mlango, akafunga, akafungua tena. Majirani wawili walichungulia. Vyumba vyote vya nyumba ile vilijengwa kwa ramani moja, na kila kimoja kilikuwa na upenyo uleule.

Mama alimpunguzisha bei mara mbili, akalipa, akamsindikiza hadi mlangoni.

"Ukipata jingine, rudi."

Kinanda alisimama barabarani, jasho linamtiririka. Miaka yote ya kazi yake, hakuna mteja aliyewahi kumwambia arudi.