142857 na Kiti Changu cha Kunyolea

Jumatatu, 3 Machi
Leo hakijaingia hata kichwa kimoja. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Kioo kwa sababu ya kioo chake cha taa, ana foleni hadi mlangoni. Mke wangu kasema nisipoleta chochote nyumbani hadi Jumamosi, chumba hiki anaweka cherehani yake, nami nikabebe saruji dukani kwa kaka yake. Kwa shemeji! Anayeniita bwana mdogo, ilhali nimemzidi umri!

Lakini nina silaha. Nimeikuta kwenye kitabu cha hesabu cha binti yangu: 142857. Zidisha kwa mbili, 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu zilezile, mpangilio uleule, zinazunguka tu kama watoto kwenye duara! Nilikaribia kulia.

Jumanne, 4 Machi
Ubao nje: "Chagua namba, tuizidishe na 142857. Tarakimu zilezile zisiporudi, unanyolewa bure." Wamekuja! Mmoja kachagua nne: 571428. Mwingine sita: 857142. Wakalipa huku wakitikisa vichwa. Nikawaomba watulie, wembe hauna utani. Wananiita Profesa. Sijakanusha.

Jumatano, 5 Machi
Muuza nyama kachagua saba. Nikacheka kwa huruma. 999999. Nikarudia ukutani kwa povu la sabuni. Tisa tupu, zimenikodolea macho! Muuza nyama akaketi, akasema na ndevu pia.

Jioni binti yangu akaniambia kwa upole kwamba ukurasa unaofuata wameandika mwisho ni sita. Sikuufungua. Nilikuwa na haraka ya kuwa Profesa.

Alhamisi, 6 Machi
Mtaa mzima unataka saba. Foleni imefika mlangoni kwa Kioo, na Kioo mwenyewe yumo. Kaketi, kasema, "Saba, Profesa." Nimemnyoa. Tena vizuri, mjinga mimi.

Mke wangu kapita, kaona foleni, kaniletea chai kwa tabasamu. Nimeinywa bila kumtazama usoni.

Ijumaa, 7 Machi
Kufuta ubao ni kukubali kushindwa. Nimeongeza tu: "isipokuwa saba." Wakachagua nane! 1142856. Nikawaeleza: ondoa ile moja ya mbele, ijumlishe kwenye sita ya mwisho, si hiyo hapo 142857? Uzuri ulioje! Muuza nyama, aliyemleta mdogo wake, kasema wao wamekuja kunyolewa, si kukata na kuunga. Nikanyoa.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kafungua droo ya pesa. Hakugomba. Heri angegomba. Alisema tu, "Kumbe wiki nzima ulikuwa unatoa sadaka." Cherehani imeingia. Nimesaidia kuibeba. Imeniuma sana.

Jumatatu, 10 Machi
Saruji ni nzito. Shemeji kafuata mchanga, kaniachia duka, kasema bwana mdogo asiguse kitu.

Lakini nimepata namba nyingine! 12345679, haina nane. Zidisha kwa tisa: 111111111. Kwa kumi na nane: mbili tupu! Hii haina kasoro, nimeijaribu mara mbili nzima. Ubao uko nje: "Chagua namba, tuizidishe na 12345679. Tarakimu zote zisipofanana, saruji bure."

Mkandarasi mmoja kausoma, katabasamu, sasa anarudisha lori nyuma hadi mlangoni. Ngoja nikamwelekeze, asigonge ukuta.