Albamu ya Vinanda vya Umeme ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipata! Albamu ya zamani ya vinanda vya umeme, ile ile aliyoipenda baba mkwe alipokuwa fundi mitambo redioni. Ilikuwa kwa muuza vitu vikuukuu, chini ya pasi mbovu. Mzee hajakanyaga kwetu mwaka wa pili sasa, tangu nilipomkosoa mbele ya wageni kwenye sherehe ya kustaafu kwake. Kwa hii atakuja tu! Mke wangu anasema nimwombe radhi, basi, yaishe. Radhi ya nini? Mimi nitamfafanulia muziki.

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima mashine ya santuri. Nimesikiliza mara tisa. Haimbi mtu humo, ni milio tu: pi-pi-pi, twiii! Mbio kweli kweli. Nimemweleza kinyozi jirani kwamba huo ni muziki wa watu wenye haraka ya maendeleo. Kasema unamtia kichefuchefu. Wivu huo.

Jumamosi, 8 Machi
Kusikia nina albamu ile, mzee kaja! Shikamoo, marahaba, kakaa. Nikaweka santuri, nikaanza kufafanua haraka ya maendeleo. Mara akainuka. Anaondoka! Kumbe anaifuata mashine. Akasogeza swichi ya kasi kutoka mizunguko arobaini na tano kwa dakika hadi thelathini na tatu.

Lahaula! Siku zote nilikuwa naikimbiza! Muziki ukatulia, mzito, mtamu. Mzee akafumba macho. Akasema ndio aliojaribia mitambo kila alfajiri, na marehemu mama mkwe akiusikia redioni nyumbani anajua mumewe kafika kazini salama. Aibu ikanijaa. Nikafyata ulimi upande mzima wa santuri. Wakati wa kuaga akanishika mkono, akaniita mwanangu. Akanishukuru mimi! Nimelia jikoni. Asante Mungu, asante mke wangu, asante hata muuza vikuukuu.

Jumapili, 9 Machi
Mzee katualika kwake wiki ijayo, pamoja na mafundi wenzake wa zamani, tusikilize upande wa pili. Nashukuru mpaka nakosa la kusema. Mke wangu anadai mzee alifurahi kwa sababu nilinyamaza. Masikini, hajui mambo! Ni yale maelezo yangu ya mwanzo. Kinyozi nimeshamwambia ile kasi niliiweka makusudi, kumpima mzee. Na hotuba ya wiki ijayo iko tayari, kurasa nane. Ukurasa wa kwanza nawakosoa mafundi wote.