Nakala Saba za Kirusi Kilema

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nne, saa nne na robo asubuhi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Taasisi yetu ya Virusi alipotangaza ushindi. Nilikuwepo, na fagio langu.

"Ndugu zangu, herufi mbovu tumeitia mkononi!"

Tukapiga makofi. Kweli yenyewe aliijua Miwani, binti wa maabara. Kirusi kina kimashine cha kujinakili. Katika damu fulani, maagizo ya kuunda kimashine hicho yamekosewa herufi moja tu, basi kimashine kimelala doro. Kirusi kipo, hakizai. Alibakiza wiki moja ajue ni herufi ya ngapi.

Damu hiyo ni ya marehemu mke wangu. Miaka kumi na tisa na kirusi, hata mafua hakuugua. Kirusi kilimshindwa, foleni ya hospitali haikumshindwa. Zilibaki chupa tatu kwenye friza. Nyingine kama hiyo hatujaipata.

Lakini utaratibu ni utaratibu: chupa haziguswi mpaka ripoti ya ushindi itolewe nakala saba. Na soketi nzima ilikuwa moja, ya friza.

"Mzee, chomoa hiyo, tuchomeke mashine ya fotokopi."

"Mheshimiwa, humo yumo mke wangu."

"Atasubiri kidogo. Si alizoea foleni?"

Nikagoma. Akachomoa mwenyewe, akatia saini Fomu ya Kuchomoa, nayo nakala saba. Mashine ikatafuna karatasi siku tatu. Miwani alipotaka kurudisha umeme, akaambiwa Fomu ya Kuchomeka bado haijabuniwa.

Ijumaa akaja Waziri.

"Harufu gani hii?"

"Ya mafanikio, Mheshimiwa."

"Haya, hiyo herufi ni ya ngapi?"

Mkurugenzi akapekua nakala ya kwanza mpaka ya saba. Zote ziliandikwa: *tazama chupa*. Tukatazama. Uvundo mtupu.

"Nani kachomoa?" Waziri akafoka.

Miwani akampa fomu, zote saba. "Saini hiyo hapo, Mheshimiwa."

Waziri akaagiza Mkurugenzi awekewe kiti kando ya friza. "Utakaa hapa mpaka unijibu. Kwa maandishi. Nakala saba."

Huu ni mwezi wa pili amekaa hapo. Nafagia nikizunguka viatu vyake, na kila asubuhi namwinamia kwa adabu zote:

"Shikamoo, Mheshimiwa. Herufi ya mke wangu ilikuwa ya ngapi?"