Ukuta wa Vijana na Mafuta ya Sangara

Jumatatu, 6 Juni 1988

Hyasinta mke wangu,

Nimeupata! Ukuta wote wa ukumbi wa vijana, hapa Mwisenge. Kamati inataka picha ya kuwapa vijana matumaini: daktari, dereva wa trekta, mwalimu. Shomari, fundi wa kuandika majina ya maduka, aliuomba pia, ila akakiri hana rangi, madukani zimeadimika. Nikasema mimi ninazo. Sina. Lakini nani alikagua?

Nia yangu ni siri yetu. Ulikwenda kaburini bila kuacha picha hata moja. Daktari atakuwa na sura yako.

Jumatano, 8 Juni

Akili hii! Masizi, chokaa na udongo mwekundu wa Kigera, nimekoroga na mafuta ya sangara. Zinang'aa! Shomari alipita na baiskeli, akaziba pua, akauliza mzee unachora au unakaanga. Wivu tu.

Daktari nimempa mwanya wako. Mkono ukanogewa: dereva naye mwanya, mwalimu naye mwanya. Sasa wote watatu ni wewe, mmoja ana ndevu. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Wewe ulikuwaga unacheka hivyo, na kanga mdomoni.

Ijumaa, 10 Juni

Haikauki. Na paka! Paka wa Mwisenge nzima wamekuja kulamba. Daktari hana miguu. Trekta halina magurudumu. Mama Gati, katibu wa kamati, aliniambia kwa upole kwamba walitaka vijana wapate kazi, siyo waliwe. Kesho Shomari atapaka chokaa ukuta mzima. Nilimsihi aache uso mmoja tu. Akasema mzee, kazi ni kazi.

Sikula.

Jumapili, 12 Juni

Hyasinta! Chokaa haishiki penye mafuta! Nimetoka misa, nakuta imebanduka, nyuso tatu zimechungulia, meno nje. Watu wamejaa. Vijana wanaangua vicheko, wanabishana nani atakuwa daktari. Mama Gati kasema basi, ziachwe. Shomari kanisalimia kwa shikamoo, kwa taabu.

Upo ukutani, mke wangu.

Tena kuna bwana wa Bunda anataka ukuta wake uchorwe vilevile. Nimekubali papo hapo. Safari hii nitatumia samli ya Mugeta. Paka hawawezi kupenda samli.

Huko uliko, unikumbuke.

Kasmiri